Kutoka Uwanja wa Ndege wa Tabora hadi Ujiji: Siku Tano na Mama kwa Gari la Kukodi

Siku ya kwanza, Jumatatu: Tabora

Ndege yetu ya pangaboi ilitua saa 4:20 asubuhi, na Mama akawa wa mwisho kushuka. Goti lake la kulia lilipasuliwa Dar es Salaam mwezi Mei, na mpaka sasa, Agosti, ngazi anazishuka kwa hesabu. Mguu unaouma unatangulia, mzima unafuata, inakutana kwenye ngazi ileile, ndipo anaitafuta ngazi nyingine. Nilishuka kinyumenyume mbele yake nikiwa nimemshika viwiko, na abiria wa nyuma yetu, Mungu awabariki, hakuna aliyetusukuma wala kuguna.

Ndugu wengi waliniuliza kwa nini tusiende kwa ndege mpaka Kigoma, tukamaliza safari siku hiyohiyo. Sababu ya kwanza ni Mama Mdogo, anayeishi Isevya hapa Tabora. Yeye na Mama walikuwa hawajaonana miaka minane. Sababu ya pili ni Mama mwenyewe. Alizaliwa Ujiji, pembeni mwa mji wa Kigoma, lakini babu yetu alikuwa mtu wa gengi la reli, na miaka yake mingi ya utoto Mama aliipitisha kwenye nyumba za reli za Nguruka. Nilipomtajia ndege ya moja kwa moja alisema, "Nikirushwa juu ya Nguruka nitakuwa nimefika nyumbani bila kupita kwetu." Baada ya hapo sikubishana naye tena.

Treni tuliifikiria. Ngazi za behewa ni ndefu, na sehemu kubwa ya mwendo ni usiku. Basi nalo linaondoka alfajiri, siti zimebanana, na mtu anachimba dawa dereva anapoamua, si goti linapoomba. Kwa mtu mwenye goti jipya, kukaa saa tatu bila kulinyoosha ni mateso, na daktari alituonya kwamba damu ikituama mguuni ni hatari. Kwa hiyo nikatafuta gari la kukodi la kutupokea uwanjani, tulale Isevya siku mbili, kisha litupeleke hadi Ujiji.

Hapo nilikosea, na nalieleza kosa langu wazi kwa sababu najua si mimi peke yangu. Nilipewa namba ya simu na mtu aliyepewa na mtu. Tukakubaliana Toyota Noah, yenye siti ya mbele inayolala. Nikatuma advansi ya shilingi 200,000. Tulipotoka nje ya jengo la abiria, kijana aliyetupokea alikuwa na gari dogo la milango minne, siti ya mbele imekwama haisogei nyuma, buti limejaa spika. Mama alipoketi, magoti yake yaligusa dashibodi. Nilimtazama uso, na ingawa hakusema neno, kidevu chake kilikuwa kinatetemeka.

Nikatazama namba ya gari: ya njano. Hapa kwetu gari la biashara linabeba namba nyeupe, na la mtu binafsi ni njano. Wengine huliona jambo dogo, lakini bima ya gari binafsi haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipa, na likitokea la kutokea njiani, hapo ndipo utakapojua umepanda nini. Kijana alisema Noah "imepata dharura," na kwamba anataka hela yote iliyobaki kabla hatujatoka mjini. Nikamshusha Mama. Tulibishana karibu saa nzima chini ya mti, Mama akiwa amekalia begi letu kubwa. Mwisho alinirudishia 100,000, iliyobaki akasema ni ya mafuta aliyokwisha kuweka. Iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu fedha ile ilikuwa mchango wa ndugu.

Mzee mmoja wa teksi alikuwa akituangalia muda wote ule. Alikuja, akampa Mama shikamoo japo na yeye ana mvi, akatupeleka Isevya kwa 10,000. Mama Mdogo alikuwa amesimama barazani tangu saa tatu. Sitaeleza walivyokumbatiana.

Siku ya pili, Jumanne: Isevya na Kwihara

Asubuhi jirani wa Mama Mdogo alituletea dereva mwingine, mwanamume wa miaka kama 45, mpole, mwenye Noah ya zamani lakini safi, namba nyeupe, stika ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kiooni. Nilimwomba leseni, akanipa bila kununa. Nilimwomba anionyeshe tairi la akiba, akafungua nyuma, akalitoa, akalibonyeza kwa dole gumba mbele yangu. Nikajua huyu ameshawahi kuharibikiwa porini na hataki kurudia.

Tukaingia kwenye bei. Alitaka 800,000, mimi nikasema 600,000, tukafika 700,000. Watu watasema ni nyingi, kwa hiyo naweka hesabu hapa. Tabora hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 400, na dereva akitufikisha lazima arudi, mara nyingi mtupu. Hiyo ni safari ya kilomita 800 na ushei. Noah ikila lita moja kwa kilomita 10, ni lita 80 na zaidi, na lita ilikuwa inacheza kwenye shilingi 3,000. Robo milioni inakwenda kwenye mafuta kabla gari halijadai tairi, oili na bushi za chini zinazokwisha kwenye vumbi. Kinachobaki ni ujira wa siku tatu za mtu na gari la mwenyewe. Anayeshusha bei kupita hapo ajue dereva ataifidia kwa njia nyingine: atapakia watu njiani, au atakimbiza gari ili alale kwake.

Tuliandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari la shule la mjukuu wa Mama Mdogo. Mafuta ni yake. Tutalala Nguruka, chumba chake na chakula chake ni juu yetu. Hakuna abiria wa nyongeza wala mzigo wa mtu. Jua likizama gari limesimama. Malipo mara tatu: 300,000 tunapoondoka, 200,000 Nguruka, zilizobaki tukishusha begi la mwisho Ujiji. Nikaongeza sentensi moja ambayo yeye mwenyewe aliisoma kwa sauti mara mbili: *Mama akisema simama, tunasimama.* Akatia sahihi, akasema, "Dada, hiyo hata usingeiandika."

Alasiri tulimjaribu. Nilimwambia atupeleke Kwihara, nje kidogo ya mji, nikitaka kuona anavyoendesha Mama akiwa ndani. Njia ina makorongo. Aliyapita kwa gia ya kwanza, na kila mara kabla gari halijainama alisema, "Mama, kulia," au "Mama, kushoto," ili ajishike. Hapo nafsi yangu ikatulia.

Kwihara kuna lile tembe la udongo, kuta nene na mlango mzito wa mbao uliochongwa, ambamo mpelelezi Mskoti David Livingstone alikaa mwaka 1872. Yeye na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, waliondoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871, wakafika Kwihara Februari. Karibu miezi miwili, kwa miguu na kwa punda. Ujiji hiyohiyo tunayoiendea sisi. Ninachokumbuka zaidi mimi ni wapagazi, Wanyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kwenye mabega yao miaka nenda rudi kati ya ziwa na pwani, ambao majina yao hayakuandikwa ukutani. Miembe mikubwa ya Tabora inasemekana iliota kutokana na kokwa za embe walizokula njiani. Mama aliugusa mmoja kwa fimbo yake tulipokuwa tunarudi, akasema, "Huu umri wake ni wa bibi yake bibi yangu."

Siku ya tatu, Jumatano: Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka

Tuliondoka saa 1:15 asubuhi. Dereva alikuja na kitu ambacho hatukumwomba: kreti la soda la plastiki, jekundu, tupu. Noah iko juu kidogo, na jana aliona Mama anavyohangaika kuinua goti. Akaliweka kreti chini ya mlango, akalikanyaga kwanza yeye mwenyewe, akalitikisa kwa mguu, kisha akamwambia, "Karibu mama, halitelezi." Mama akapanda kwa hatua mbili badala ya moja ndefu. Siti ya mbele ilikuwa imelazwa, mto wa Mama Mdogo chini ya goti.

Kutoka Tabora hadi Urambo ni kama kilomita 90, lami. Miombo kushoto na kulia, majani mekundumekundu ya kiangazi, na juu ya miti mizinga ya nyuki imelazwa kwenye matawi kama magogo yaliyopanda yenyewe. Asali inauzwa kando ya njia kwenye chupa za maji. Dereva alitufundisha: usinunue ya kwanza unayoiona; igeuze chupa kichwa chini, utazame povu linavyopanda. Likikimbia haraka, asali ina maji. Likipanda polepole kama mtu mwenye usingizi, lipa. Tulinunua mbili.

Vijijini kote mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa tochi wamekaa vizuri kwenye vivuli. Dereva wetu hakuvuka 50 hata mara moja, hata pale ambapo hapakuwa na mtu. Nilimwona akitazama kioo cha ndani, si barabara ya nyuma bali uso wa Mama.

Urambo tulisimama mara ya pili. Huku ndiko kwa Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, aliyezifunga njia za misafara mpaka Waarabu wa Tabora wakakosa usingizi. Na huku ndiko Waingereza walikolima karanga kwa matrekta kuanzia 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea, mradi ukafa baada ya miaka michache. Ilibaki tumbaku. Tulipishana na malori yaliyopakia marobota ya tumbaku mpaka turubai zimevimba, na nyuma ya nyumba nyingi mnaona mabani ya kukaushia, na kuni zimepangwa kando yake kama ukuta. Kuni zile ni miombo ile. Nilihuzunika kuona jinsi pori linavyokuwa jepesi unapokaribia mashamba, na dereva alisema alipokuwa mdogo hapa pote palikuwa giza mchana.

Mama alitembea mara kumi kwenda na kurudi kando ya gari, kama alivyoelekezwa hospitali. Sisi tukatembea naye. Mama mmoja muuza matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, alitusalimu, "Mwangaluka," na Mama akamjibu kwa Kinyamwezi hichohicho, sentensi tatu nzima. Sikujua kama anakijua. "Nguruka tulicheza na watoto wa kila kabila," akasema.

Kaliua tulikula wali na kuku wa kienyeji. Hapa ndipo reli inapogawanyika, moja inakwenda Mpanda, nyingine Kigoma, na Mama alidai asogezwe mpaka aione. Kutoka hapo barabara na reli zinasindikizana. Mara iko kulia kwetu, mara imepotea porini, mara tunaivuka. Kila ilipotokea Mama alisema, "Ile pale," na sisi wawili tukaitikia.

Kusimama kulikuwa kwingi. Mara ya nne ni goti. Mara ya tano ni choo, na dereva alijua shule gani ina vyoo safi na mwalimu gani wa kuomba. Mara ya sita ni swala: Mama aliswali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kupunguza, kama msafiri, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa msikiti wa kijijini. Kila mara kreti lilishuka, likakanyagwa, likatikiswa. Siku hii ndiyo nilielewa nililipia nini. Gari tungelipata lolote, na barabara ni ya serikali. Ile 700,000 ilinunua kusimama, na kusimama bila ya mtu mzima kujiona ni mzigo kwa wengine. Ndani ya basi Mama asingeomba hata mara moja. Namjua. Angekaa kimya mpaka mguu uvimbe.

Nguruka tulifika saa 10 alasiri. Begi tukaziweka gesti, chumba cha chini, choo cha kukaa (niliuliza kwa simu tangu Tabora, na nawashauri wenye wazee waulize hilo kabla ya bei). Kisha stesheni.

Nyumba aliyoitafuta hakuiona, au aliiona na hakuitambua. Alikuwa akionyesha kwa fimbo: hapa palikuwa na bomba, hapa Mzee alikuwa anaanika makoti yake ya mvua, hapa sisi tunauza karanga treni ikija. Akasimulia jinsi babu alivyokuwa akitoka alfajiri na nyundo ya mpini mrefu, akigonga reli na kusikiliza. Reli nzima inalia kama kengele, iliyolegea inajibu kama chungu kilichopasuka. Alijaribu kuinama aiguse, goti likakataa. Akanitazama. "Niinamie wewe."

Nikapiga magoti kwenye kokoto nikaweka kiganja kwenye chuma.

"Ya moto?"

"Ya moto, Mama."

"Saa hizi ndiyo alikuwa anarudi. Sisi tunaiweka mikono, anatugombeza."

Dereva alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia aivue.

Siku ya nne, Alhamisi: Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Ujiji

Tulilala vizuri. Mguu ulikuwa umevimba kidogo tu usiku, asubuhi umerudi. Nikamlipa dereva fungu la pili. Saa 1:30 tukaondoka, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya majani.

Baada ya Nguruka nchi inashuka na kulainika. Haya ni maeneo ya ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000. Unaona korongo wamesimama kwenye majani marefu, na watoto wameshika kambale kwa mashavu, wanawainua gari likipita. Mama alitaka kununua. Dereva akamwomba kwa adabu, "Mama, Ujiji kuna mgebuka, samaki wa ziwani, huyu tukimnunua atatunukia mpaka Kigoma." Akakubali.

Daraja la Kikwete, la kuvuka mto Malagarasi, lina urefu wa mita 275, na lilizinduliwa 2015. Dereva alisema juu ya daraja hatusimami, ila atakwenda polepole kadiri ya uwezo wake, na akafanya hivyo, taa za hadhari zikiwaka. Mama alishusha kioo. Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai, maji hayaonekani kama yanakwenda. "Huu unaenda kwetu," akasema, na ni kweli: Malagarasi unaanzia kule mpakani na Burundi, unazunguka, unaingia Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala, kusini ya Ujiji. Enzi za utoto wa Mama, mvua zikinyesha treni ndiyo ilikuwa barabara yao. Tuling'ang'ania kioo kile mpaka ng'ambo.

Hilo lilitugharimu. Mbung'o waliingia. Mbung'o hana tabia ya nzi wa kawaida, wa kurandaranda. Anakifuata kitu kinachotembea, anaamini gari ni nyati, na akitua anakunja mabawa kama mkasi, moja juu ya jingine, ndipo anachoma. Alinichoma begani juu ya khanga na shati, na maumivu yake ni kama sindano iliyopashwa moto. Mama alichomwa kwenye kifundo cha mguu huohuo mgonjwa. Dereva akasimama, akafungua milango yote, akatwaa tawi la majani akawafukuza mmoja mmoja, akamaliza kwa kuwapangusa waliobaki kwenye kioo cha nyuma kwa kitambaa. Baada ya hapo vioo vilifungwa mpaka Uvinza, joto au lisiwe joto. Anayepita njia hii avae nguo ya rangi ya udongo. Bluu na nyeusi zinawaita.

Kipande cha kutoka Malagarasi hadi Uvinza, kilomita 51 hivi, ndicho kilichosubiri lami muda mrefu kuliko vingine, na wakati sisi tunapita mkandarasi alikuwa bado kazini. Dayavesheni juu ya dayavesheni. Vumbi jekundu lililainika kama unga wa muhogo, likaingia hata kwenye vifungo vya begi. Lori likitangulia mbele huoni kitu, na hapa ndipo dereva alipoonyesha alivyo: hakumpita mtu yeyote. Alisimama pembeni, akazima injini, akasema tupumzike dakika kumi vumbi lishuke. Dakika kumi zikawa ishirini, Mama akanyoosha mguu, sisi tukala matobolwa. Saa tatu karibu zilikwisha kwenye kilomita hizo 51. Sijutii hata moja.

Uvinza ni chumvi. Maji yenye chumvi yanatoka chini ya ardhi pale mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, na watu wamekuwa wakiyachemsha tangu zamani sana, karne nyingi kabla ya Mjerumani. Misafara ilikuja kuinunua kutoka pande zote za ziwa. Mama alishuka mwenyewe kununua. Hiyo hakutaka nimsaidie. Akasema, "Mwakeye," salamu ya Kiha, na muuzaji akaitikia, "Mwakeye," na nikaona mabega ya Mama yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo. Alinunua kilo tano. Nikamwambia chumvi ipo Ujiji. Akasema hajaja kununua chumvi ya Ujiji.

Kutoka Uvinza hadi Kidahwe ni lami tena, kama kilomita 76, vilima, na hewa inabadilika. Kwanza mchikichi mmoja nyuma ya nyumba. Kisha mitatu. Kisha bonde zima la michikichi, na wanawake wana madebe ya mawese kando ya njia, mekundu kama jua la jioni. Mama alikaa wima. Alitoa mto chini ya goti akauweka nyuma.

Jua la Kigoma linachelewa karibu dakika 40 nyuma ya lile la Dar es Salaam, na hiyo ilituokoa: makubaliano yalisema jua likizama tumesimama, na saa 12 jioni bado lilikuwa juu ya milima ya Kongo. Ziwa lilitokea ghafla kati ya vilima viwili, bluu nzito, na ng'ambo milima imepauka. Dereva alisimama kabla hajaambiwa.

Kreti likashuka. Mama akashuka. Alisimama akishikilia mlango, khanga yake inapeperuka, na hakusema chochote kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimempigia Dada kuwaambia waweke maji ya kuoga.

Tulipita Mwanga, tukashuka Ujiji saa moja kasoro, maghrib ikiadhiniwa. Watu walijaa barazani. Dereva alibeba begi zote mwenyewe, mpaka la mwisho, ndipo nikamhesabia 200,000 zilizobaki, na juu yake 30,000 kutoka kwa Mama, ambazo alizikataa mara mbili. Usiku alikula nasi ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Alilala nyumbani kwetu. Gesti isingekuwa sawa.

Siku ya tano, Ijumaa: Ujiji

Dereva aliamka saa 11 alfajiri kuangalia tairi. Nilikuwa nimempigia jana usiku mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, ndugu ya shemeji, na kwa bahati alikuwa na magunia manne ya kupeleka Kaliua. Kwa hiyo gari halikurudi tupu. Kama mtu mwema amekufikisha mwisho wa safari na una jamaa mahali hapo, mtafutie mzigo wa kurudia.

Kabla hajaondoka alisimama barazani akitazama ngazi ya mlango wetu. Ni ndefu, ya zamani, ya udongo uliosakafiwa. Wote tumeizoea na hakuna aliyeifikiria. Alikwenda kwenye gari, akarudi na lile kreti jekundu, akaliegemeza kwenye ngazi, akalikanyaga, akalitikisa, akaweka jiwe bapa chini ya pembe iliyokuwa inacheza. Akalikanyaga tena.

"Na wewe je?" nikamwuliza. "Ukipata mgonjwa mwingine?"

"Kaliua nitanunua jingine, dada. Yapo."

Alipiga simu saa 12 jioni kwamba ameshusha dagaa, yuko salama, atalala hapo. Akaomba kuongea na Mama. Mama alikuwa nje, akitoka kuswali kwa jirani. Nilimsikia anapanda: mguu mzima kwenye kreti, mguu mgonjwa kwenye kreti, kisha ndani. Nikampa simu.